Jeli ya Agarosi Hatua kwa Hatua: Kuanzia Unga Mpaka Bendi Zinazosomeka

Jeli ya agarosi hutumika kutenganisha vipande vya DNA kwa urefu, na kila kundi la vipande vya urefu mmoja huonekana kama mstari, yaani bendi. Picha za jeli ninazoletewa na wanafunzi zinafanana sana. Bendi zimetawanyika kama moshi, au zimejikunja pembeni, au hakuna kitu kabisa isipokuwa ngazi (vipande vya kulinganishia urefu) iliyofifia. Na karibu kila mmoja huanza na swali lilelile: DNA yangu ina tatizo gani?

Mara nyingi DNA haina tatizo. Jeli iliharibika kabla ya umeme kuwashwa: unga haukuyeyuka wote, maji yalitumika badala ya bafa (kimiminika chenye ayoni za kubeba umeme, kinachoshikilia pH), au kitana kinachotengeneza visima vya sampuli kiling'olewa kabla jeli haijaganda sawasawa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana mezani, kwenye chupa na trei, kabla ya kufika kwenye umeme.

## Jambo la kuelewa kabla ya kushika chupa

Agarosi ni mnyororo mrefu wa sukari unaotolewa kwenye mwani mwekundu. Ukiichemsha ndani ya bafa, nyuzi zake huachana na kuelea moja moja. Ikipoa, nyuzi hizo husokotana, kisha hushikana mafungu mafungu na kuacha matundu katikati. Matundu hayo ndiyo chekecheke lako.

Uti wa DNA umejaa fosfati zenye chaji hasi, kwa hiyo umeme ukipita DNA huvutwa kuelekea upande chanya. Kipande kifupi hupenya matundu upesi, kirefu hujipinda na kusota njiani. Chaji ya DNA huongezeka sambamba na urefu wake, hivyo bila jeli vipande vyote vingekwenda karibu mwendo mmoja. Kazi yote ya kutenganisha inafanywa na jeli, na jeli unaitengeneza wewe.

Sifa ya pili ni joto. Agarosi ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 90 za Selisiasi, lakini haigandi mpaka ishuke hadi karibu nyuzi 36. Nafasi hiyo ndiyo inayokuruhusu kumimina bila kukimbizana na saa, na ndiyo inayozuia jeli isiyeyuke tangini umeme unapoipasha joto kidogo.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla ya kuanza:

- Unga wa agarosi wa kiwango cha baiolojia ya molekuli
- Bafa ya TAE (Tris, asetati na EDTA) au TBE (Tris, borati na EDTA)
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01
- Chupa ya koni ya kioo, yenye ujazo angalau mara tatu ya jeli unayotengeneza
- Maikrowevu
- Trei, kitana, tangi la elektroforesisi (la kupitishia umeme kwenye jeli) na chanzo cha umeme
- Ngazi ya DNA, yaani mchanganyiko wa vipande ambavyo urefu wake unajulikana
- Rangi ya kupakilia, nguvu mara 6 (yaani nzito mara 6 kuliko inavyotumika)
- Rangi ya kung'arisha DNA, mfano ethidiamu bromaidi
- Maikropipeti na ncha safi
- Taa ya urujuanimno au ya bluu, pamoja na ngao ya uso
- Koti la maabara, glavu za nitrili na glavu nene za kushikia vitu vya moto

Angalia kwamba nimetaja rangi mbili. Rangi ya kupakilia haishiki DNA. Kazi yake ni kuzamisha sampuli na kukuonyesha umbali uliofikiwa. Rangi ya kung'arisha ndiyo inayoingia kwenye DNA na kuwaka chini ya taa. Ukisahau hiyo ya pili, utaona mistari ya bluu ikitembea vizuri kabisa, kisha chini ya taa utakuta giza.

### Kuhusu bafa

Akiba ya TAE yenye nguvu mara 50 hutengenezwa kwa gramu 242 za Tris, mililita 57.1 za asidi ya asetiki isiyo na maji, na mililita 100 za EDTA ya molari 0.5 yenye pH 8.0. Ongeza maji yaliyotoneshwa mpaka lita 1. Asidi hiyo inaunguza na mvuke wake unachoma macho, kwa hiyo imimine ndani ya kabati la kuvuta hewa. Ili kupata bafa ya kazi, changanya mililita 20 za akiba na mililita 980 za maji.

TAE naipenda kwa kazi za kila siku, hasa kama nitakata bendi na kuitumia tena, kwa sababu borati iliyomo kwenye TBE inaweza kusumbua vimeng'enya baadaye. TBE inastahimili umeme wa muda mrefu na hutoa bendi kali zaidi kwa vipande vifupi. Chagua moja, kisha itumie hiyohiyo ndani ya jeli na ndani ya tangi.

## Hatua ya 1: Chagua ukali wa jeli

Agarosi ikizidi, matundu yanakuwa madogo. Anza na urefu wa vipande unavyotarajia, usianze na desturi ya maabara yenu:

- Asilimia 0.7: takriban jozi 1,000 hadi 12,000 za besi (jozi za besi ndicho kipimo cha urefu wa DNA)
- Asilimia 1: takriban 500 hadi 10,000
- Asilimia 1.5: takriban 200 hadi 3,000
- Asilimia 2: takriban 100 hadi 2,000

Asilimia 1 ina maana gramu 1 ya unga katika mililita 100 za bafa. Pima ujazo wa trei yako mara moja na uuandike pembeni mwake: urefu mara upana mara unene wa jeli, vyote kwa sentimita. Trei ya sentimita 10 kwa 7, jeli ikiwa na unene wa sentimita 0.5, inahitaji mililita 35. Kwa jeli ya asilimia 1 utapima gramu 0.35.

Tahadhari: jeli ya chini ya asilimia 0.7 hupasuka kirahisi ikishikwa. Na kama unataka kutofautisha vipande vinavyopishana kwa besi chache tu, agarosi ya kawaida haitakufaa. Hiyo ni kazi ya poliakrilamaidi, jeli ya aina nyingine.

## Hatua ya 2: Yeyusha mpaka iishe kabisa

Hapa ndipo jeli nyingi zinapofia.

Mimina bafa ya baridi kwenye chupa kwanza, kisha nyunyiza unga juu yake huku ukizungusha chupa. Ukitupa unga kwenye bafa ya moto, nje ya kila bonge hulainika upesi na kufungia unga mkavu ndani. Kwa jeli ya asilimia 2 au zaidi, acha unga ulowe dakika kadhaa kabla ya kupasha.

Pima uzito wa chupa pamoja na vilivyomo, uuandike. Funika mdomo wa chupa bila kuubana, kisha ipashe kwa vipindi vya sekunde 20 hadi 30. Kila kipindi kikiisha, toa chupa, zungusha taratibu, rudisha.

Tahadhari: agarosi ya moto inaweza kutulia kana kwamba haijachemka, kisha ikafumka yote ghafla mara tu unapoitikisa. Vaa glavu nene, elekeza mdomo wa chupa mbali na uso wako, na subiri sekunde kadhaa kabla ya kuizungusha. Usiifunge kwa kifuniko kinachokaza hata kidogo.

Utajuaje kwamba imeyeyuka? Hapa usiangalie juu juu. Inua chupa mbele ya mwanga, izungushe mara moja, halafu itulize. Tazama kimiminika kinapopunguza mwendo. Kama bado haijawa tayari, utaona vipande vidogo maangavu kama magamba ya samaki vikielea na kugeuka geuka, vikimeta na kupotea. Ukitazama haraka huvioni, kwa sababu vina rangi moja na maji. Kila gamba ni unga ambao haujayeyuka, na kwenye jeli litakuwa kizuizi kinachopindisha bendi yako. Rudisha kwenye maikrowevu mpaka usione hata moja.

Pima uzito tena. Ulichopoteza ni maji yaliyoondoka kama mvuke. Ongeza maji yaliyotoneshwa mpaka uzito urudi palepale. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini jeli ya leo haifanani na ya jana. Kwenye mililita 35, ukipoteza mililita 5 umeshabadilisha ukali wa jeli na wa bafa kwa pamoja.

## Hatua ya 3: Poza, kisha tia rangi

Acha chupa ipoe hadi nyuzi 55 au 60, huku ukiizungusha mara moja moja ili isigande pembeni. Kama huna kipimajoto, gusa chupa ukiwa na glavu nyembamba: ukiweza kuishika bila kulazimika kuiachia, iko tayari. Jeli ya moto sana hupindisha trei ya plastiki, na hutoa mvuke ambao hutaki kuuvuta ukishatia rangi.

Ethidiamu bromaidi hutumika kwa mikrogramu 0.5 kwa kila mililita. Akiba ikiwa na miligramu 10 kwa mililita, hiyo ni mikrolita 5 kwa jeli ya mililita 100, au mikrolita 1.75 kwa ile ya mililita 35. Zungusha taratibu, usitikise, maana mapovu ni vigumu kuyatoa.

Tahadhari: ethidiamu hujipenyeza katikati ya besi za DNA, na ndiyo sababu inahesabiwa kuwa kemikali inayoweza kusababisha mabadiliko ya kijeni. Tenga eneo moja la meza kwa kazi yake. Glavu iliyoigusa isiguse kitasa cha mlango, simu wala kalamu ya mwenzako. Zipo rangi mpya zilizotengenezwa kwa lengo la kupunguza hatari hiyo, na baadhi huonekana kwa taa ya bluu. Nazo pia zishike kwa glavu.

## Hatua ya 4: Mimina na uache itulie

Weka trei juu ya meza iliyo sawa. Kama huna uhakika na meza, tumia pimamaji. Ziba ncha za trei, simamisha kitana, na hakikisha meno yake yako takriban milimita 1 juu ya sakafu ya trei. Meno yakigusa chini, visima vitakosa sakafu, na sampuli itavujia chini ya jeli bila wewe kujua.

Mimina polepole kutoka kona moja. Povu likijitokeza, lisukume pembeni kwa ncha ya pipeti kabla jeli haijaanza kushika. Angalia zaidi karibu na meno ya kitana. Povu lililo mbali na njia ya DNA halina madhara.

Subiri dakika 20 hadi 30. Jeli inapoganda hubadilika kutoka maangavu kama maji na kuwa na ukungu mwepesi. Ukungu huo uenee mpaka katikati, siyo kingoni tu. Usiiguse kwa kidole kujaribu.

## Hatua ya 5: Ng'oa kitana, zamisha jeli

Mimina bafa kidogo juu ya jeli kuzunguka kitana, kisha kivute wima kwa mwendo mmoja wa taratibu. Bafa huingia nafasi ya meno na kuzuia visima visinyonywe na kuchanika. Kitana kikivutwa kikavu, au kikiinamishwa, ukuta mwembamba kati ya kisima na kisima hukatika.

Weka trei tangini, visima vikiwa upande hasi, yaani upande wa waya mweusi. DNA itakimbilia mwekundu. Jaza bafa mpaka ifunike jeli kwa milimita 3 hadi 5. Ikipungua, jeli hukauka. Ikizidi sana, umeme mwingi hupita juu ya jeli na DNA inachelewa.

Niliwahi kupoteza siku nzima kwenye hatua hii. Nilikuwa nimetengeneza jeli kwa maji matupu kwa sababu chupa mbili zilifanana na hazikuwa na lebo. Saa moja baadaye bendi zilikuwa bado zimejibanza karibu na visima, kwani ndani ya jeli hapakuwa na ayoni za kutosha kubeba umeme ipasavyo. Tangu hapo sipimi unga kabla ya kuandika jina, nguvu na tarehe kwenye chupa ya bafa.

## Hatua ya 6: Pakia sampuli

Andika kwanza mpangilio wa visima kwenye daftari. Ngazi iwe na kisima chake, na udhibiti usio na DNA, yaani sampuli tupu ya kulinganishia, uwe na chake. Bila udhibiti huo huwezi kujua kama bendi unayoifurahia ni ya kwako au ni uchafu.

Changanya mikrolita 5 za sampuli na mikrolita 1 ya rangi ya kupakilia. Gliseroli au sukari iliyomo kwenye rangi huifanya sampuli iwe nzito kuliko bafa, nayo huzama. Kwa bendi moja, nanogramu 20 hadi 100 za DNA zinatosha. Kisima kikipewa DNA nyingi mno, bendi hunenepa, huvuta mkia, na usomaji wa urefu hupotoka.

Egemeza kiwiko mezani. Shika mkono ulioshika pipeti kwa mkono wako wa pili. Ingiza ncha ndani ya mdomo wa kisima tu, bila kugusa sakafu, na usukume polepole: utaona sampuli ya bluu ikishuka kama uzi na kujaza kisima kutoka chini. Ukimaliza, toa ncha nje ya bafa ndipo uachie kidole gumba. Ukiachia ukiwa bado ndani, utafyonza sampuli yako irudi kwenye pipeti.

Sampuli ikipanda na kuelea badala ya kuzama, mara nyingi kuna ethanoli iliyobaki kutoka kwenye usafishaji. Ikaushe vizuri zaidi kabla ya kupakia tena.

## Hatua ya 7: Washa umeme

Kipimo ni volti 5 kwa kila sentimita ya umbali kati ya elektrodi mbili, siyo urefu wa jeli. Elektrodi zikiwa sentimita 15 mbali, weka volti 75. Ukiongeza sana ili umalize haraka, jeli hupata joto, katikati hukimbia kuliko pembeni, na bendi hujikunja kama mdomo unaotabasamu.

Baada ya kuwasha, chungulia elektrodi. Lazima kuwe na vipovu, na upande hasi uwe na vingi zaidi, kwa kuwa haidrojeni inayotoka hapo ni mara mbili ya oksijeni inayotoka upande wa pili. Hakuna vipovu, hakuna umeme unaopita: kagua waya na kifuniko. Rudi baada ya dakika 5 uone kama rangi imeondoka visimani na inaelekea upande mwekundu. Ikiwa inarudi nyuma, zima, geuza jeli, uwashe upya. Ukiwahi, hujapoteza kitu.

Bluu ya bromofenoli, ile rangi iliyomo kwenye rangi ya kupakilia, kwenye jeli ya asilimia 1 husafiri karibu sawa na DNA ya jozi 300. Kwa kawaida simamisha ikifika theluthi mbili ya safari, takriban dakika 45 hadi 60. Kama kipande chako ni kifupi kuliko hapo, kiko mbele ya rangi, kwa hiyo simamisha mapema.

Zima umeme na uchomoe waya kabla ya kufungua kifuniko. Usizoee njia ya mkato hapa.

## Hatua ya 8: Tazama na usome

Vaa ngao ya uso. Miale ya urujuanimno huunguza macho na ngozi bila wewe kuhisi chochote kwa wakati ule. Ethidiamu iliyoshika DNA itawaka rangi ya chungwa.

Anza na ngazi kila mara. Ngazi ikitengana vizuri, jeli yako ni nzima na hukumu ya sampuli inaweza kuaminika. Ngazi ikiwa mbaya, usisome chochote kingine. Kumbuka umbali hauendi sawa na urefu, bali na logi ya urefu, hivyo bendi ndefu hubanana juu na fupi huachana chini.

DNA nzima ya jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, huonekana kama bendi moja nene juu karibu na kisima. Bidhaa ya PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) iliyofanikiwa ni mstari mmoja mwembamba. Wingu hafifu chini ya jozi 100 kwa kawaida ni praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe.

Plasmidi, yaani DNA ya duara, ambayo haijakatwa huwatia watu wasiwasi bure, kwa sababu huleta bendi zaidi ya moja. Ni molekuli ileile katika maumbo tofauti. Iliyojisokota hupenya kwa kasi kuliko zote, na duara lililolegea baada ya uzi mmoja kukatika huchelewa. Ukitaka kujua urefu wake, ikate kwanza kwa kimeng'enya kinachoikata mahali pamoja, maana ngazi imetengenezwa kwa vipande vilivyonyooka.

## Kama unataka kukata bendi

Tumia taa ya bluu ikiwa rangi yako inairuhusu, au urujuanimno wa nanomita 365, na usizidishe dakika moja. Miale mifupi zaidi huunganisha timini (mojawapo ya besi za DNA) zilizo jirani, na DNA iliyoharibiwa hivyo hukataa kazi za baadaye ingawa bendi ilipendeza machoni. Kata karibu kabisa na bendi, kwa wembe mpya kwa kila sampuli.

## Jeli ikikataa

Kila kisima kina moshi, hata ngazi. Ni jeli au bafa. Tengeneza upya zote mbili.

Moshi kwenye sampuli tu. DNA imekatikakatika, au umepakia nyingi mno. Rudia ukiwa umepunguza mara 5. Moshi ukibaki, tatizo liko kwenye uchimbaji wa DNA.

Sampuli imepinda au imechelewa kuliko inavyotarajiwa. Chumvi nyingi ndani ya sampuli. Isafishe au uipunguze kwa maji.

DNA inang'aa kisimani na haijatoka. Protini imeishikilia, au DNA ni ndefu mno kwa jeli hiyo.

Ngazi inaonekana, bendi fupi zimefifia. Ethidiamu ina chaji chanya, kwa hiyo husafiri kinyume cha DNA na kuacha upande wa chini wa jeli ukiwa mtupu. Loweka jeli dakika 20 hadi 30 kwenye bafa yenye ethidiamu ya kiwango kilekile, kisha tazama tena kabla ya kuitupa.

## Baada ya kazi

Jeli ambayo haijatumika huhifadhika siku chache kwenye friji, ikiwa imefungwa na bafa kidogo isikauke. Bafa ya TAE ya tangini inaweza kurudiwa mara mbili au tatu kwa kazi zisizo nyeti, kisha ibadilishe, kwa kuwa uwezo wake wa kushikilia pH ni mdogo. Jeli, ncha na glavu zenye ethidiamu ziende kwenye chombo chao chenye lebo, na bafa yenye ethidiamu isimwagwe kwenye sinki.